Sweta la Shibiri Sita

"Kilichozidi, mwenyewe yuko njiani."

Bibi Agripina aliyasema maneno hayo huku akikoroga chungu cha rangi kwa mwiko mrefu, na hakuinua macho. Wasichana watatu waliokuja kwake kujifunza kufuma walikuwa wakilaumiana, kwa sababu mmoja wao alikuwa ametumbukiza mashada mengi ya uzi kuliko waliyoagizwa. Waliposikia methali ile, walinyamaza.

"Hiyo imetoka wapi, bibi?" aliuliza Imakulata. "Kwetu ng'ambo ya bonde hatuisemi."

"Ng'ambo ya bonde hamkuwa na mwanamke mwenye kiganja kama cha Enelika," alijibu. "Endeleeni kusokota, mikono isilale. Chanzo chake ni hiki."

Enelika Sanga alikuwa mwanamke wa milimani, huko ambako mwezi wa sita na wa saba nyasi huamka zimevaa sakitu, umande ulioganda, na maji yaliyosahaulika nje kwenye beseni huota ngozi ya barafu. Alikuwa mrefu, mpana wa mabega, na viganja vyake vilikuwa gumzo la kijiji. Watu walisema Enelika akikupa konzi moja ya njugu, umeshiba.

Katika kijiji chake palikuwa na desturi ya sweta la kuingilia. Mwana akioa, mama yake humfumia mkwe sweta kwa mikono yake mwenyewe, kwa uzi aliousokota na kuutia rangi nyumbani. Jumapili ya kwanza baada ya bibi harusi kufika, mama mkwe humvisha mbele ya watu. Likimkaa vizuri, wanawake hupiga vigelegele na kusema nyumba imemjua. Lisipomkaa, siku ile hakuna anayesema neno. Maneno husemwa baadaye, kisimani, na hayaishi: nyumba haikumjua. Bibi harusi wa namna hiyo huweza kukaa miaka kumi na bado akaitwa mgeni.

Lutangilo, mtoto wa pekee wa Enelika, alikuwa ameteremka Kyela, karibu na ziwa, kufanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na huko akaoa. Siku moja ilikuja barua. Alisema kazi imekwisha, anarudi nyumbani na mkewe Tupokigwe, tena mkewe ni mjamzito. Kuhusu sweta aliandika hivi: "Mama yake amempima kwa shibiri. Kifua, shibiri sita. Mkono, shibiri tatu na nusu."

Enelika aliisoma barua mara mbili, akanyoosha kiganja chake juu ya mkeka, kidole gumba hapa, kidole cha mwisho kule, akapima shibiri sita. Alitazama urefu uliopatikana, akacheka peke yake.

"Mwanangu ameoa mlima," alisema. "Afadhali. Huku juu wembamba hupeperushwa."

Hakumtilia mtu shaka. Barua ilileta idadi, haikuleta kiganja.

Akaanza kazi. Alikata manyoya ya kondoo wake wanne, akayafua, akayachambua, akayasokota mpaka vidole vikaota sugu. Kisha akatia rangi. Uzi aliuchemsha kwanza katika maji ya shabu ili rangi ishike, halafu kila shada likaingia chungu chake. Maganda ya vitunguu yalimpa njano ya asubuhi. Magome ya miwati yalimpa wekundu wa udongo uliolimwa jana. Forosadi zilimpa zambarau. Maji ya miwati yaliyolazwa na misumari yenye kutu yalimpa rangi ya mawingu ya mvua. Na kokwa za parachichi, ambazo jirani yake Zelida alikuwa akizitupa jalalani, zilimpa rangi ya waridi, laini kama ndani ya shavu la mtoto. Shada lile lilipotoka chunguni, hata Zelida, ambaye kila siku alikuwa na la kusema, alisimama nalo mkononi bila kusema kitu.

Enelika alifuma mistari kwa mistari, akihesabu vitanzi kwa midomo. Alimaliza mgongo, akamaliza kifua, akaviunga, akafuma mkono wa kulia. Sweta lilipotandazwa kitandani lilifunika kitanda.

"Enelika," Zelida aliuliza, "umemfumia mkwe au umeifumia nyumba?"

"Shibiri sita."

"Za tembo?"

Walicheka wote wawili. Lakini siku ya Jumanne Lutangilo alipofika, na nyuma yake akatokea Tupokigwe amejifunga kanga mbili juu ya gauni jembamba, Enelika hakucheka tena.

Binti alikuwa mdogo. Mifupa ya mabega ilionekana, shingo ilikuwa kama bua la mtama, na mimba ya miezi saba ilikuwa imekaa mbele yake kama mzigo aliopewa amshikie mtu mwingine. Alipiga goti kusalimia, na Enelika alipoupokea mkono wake, ulipotelea ndani ya kiganja chake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako hajambo?" Kisha, akijitahidi sauti isimsaliti, akauliza, "Naye ni mdogo wa mwili kama wewe?"

"Mdogo kunishinda mimi, mama. Kyela wanamwita Kisoda."

Hapo Enelika akaelewa. Mwanamke mmoja mdogo, kule ziwani, alikuwa amempima binti yake kwa shibiri ya mkono mdogo. Mwanamke mkubwa, huku mlimani, alikuwa amezifuma shibiri zile kwa mkono mkubwa. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyefanya uzembe. Kila mmoja alipima kwa mkono aliopewa.

Hata hivyo Jumapili haingojei maelezo. Enelika alilikunja sweta akalificha chini ya kitanda, akamwambia mkwe kwamba bado halijaisha, jambo ambalo lilikuwa kweli, maana mkono wa kushoto haukuwa umeanzwa. Siku mbili alimtazama yule binti akitetemeka kando ya jiko, blanketi likimteleza kila alipoinuka, na kila alipomtazama moyo ulimuuma mara mbili: kwa baridi ya leo na kwa maneno ya kesho.

Alhamisi asubuhi aliamua. Atalifumua lote, afume upya, asilale, Jumapili imkute tayari. Zelida alikuja chumbani kumsaidia kuviringisha uzi. Nje sakitu ilikuwa nyeupe mpaka kwenye migomba michache iliyokuwa imeungua kwa baridi.

"Rangi zote hizi," Zelida alisema taratibu, safari hii bila mzaha. "Unafumua kweli?"

"Limezidi, Zelida. Nitafanyaje? Nimvishe binti wa watu hema mbele ya kanisa zima?"

"Basi vuta. Ukingoja utalia."

Enelika alilegeza fundo la mwisho, akavuta. Vitanzi vilianza kukimbia kimoja baada ya kingine, tik, tik, tik. Safu ya kwanza ikaisha. Ya pili ikaisha. Alikuwa katikati ya safu ya tatu waliposikia Tupokigwe akiita kutoka jikoni. Hakuita kwa nguvu.

"Mama. Maji yamenitoka."

Zelida alikimbia kumwita Bi Yudita, mkunga. Lutangilo alitaka kwenda zahanati, lakini zahanati ilikuwa mwendo wa nusu siku, na mtoto hakuwa na nusu siku. Alizaliwa kabla jua halijayeyusha sakitu. Alikuwa msichana. Hakulia, alitoa sauti kama ya mlango unaosukumwa na upepo. Bi Yudita alimshika kwa viganja viwili, na viganja vilibaki na nafasi.

"Leteni mkaa," Zelida alisema. "Tumweke kando ya moto."

"Moto utamkausha upande mmoja na moshi utamziba," Bi Yudita alijibu. "Huyu hakumaliza kukaa ndani. Mrudisheni ndani."

"Ndani wapi, mama mkunga?"

"Kwenye ngozi ya mama yake. Kifua kwa kifua, mchana na usiku, wala asitolewe. Lakini tazameni huyu mama anavyotetemeka! Nipeni kitu cha kuwashika wawili pamoja. Blanketi halifai, likiteleza mara moja tu mtoto ameondoka. Nataka kitu chenye shingo, chenye mikono, chenye kukaa mwilini. Kikubwa."

Zelida alimtazama Enelika.

Enelika alikwenda chumbani. Alilichukua sweta pale kitandani, uzi uliofumuliwa ukiburuta nyuma yake sakafuni. Aliufunga fundo akitembea. Kisha wakamvisha Tupokigwe: mkono wa kulia ukaingia kwenye mkono uliofumwa, wa kushoto ukatoka kwenye tundu tupu ambalo Zelida aliliziba kwa kitenge. Bi Yudita alimpitisha mtoto kwa chini, akamlaza baina ya matiti ya mama yake, wima kama chura juu ya jani. Sweta likashuka likawafunika wote wawili. Halikubana, halikupwaya. Shingo yake ilikuwa pana kiasi cha kutoa vichwa viwili, na viwili vikatoka: kimoja cha mama, na chini ya kidevu chake kingine, kidogo kama ngumi.

Wakangoja.

Enelika alipiga magoti mbele ya mkwe wake. Hakuthubutu kugusa. Alitazama sufu tu. Mwanzoni aliona pumzi ya mama, kubwa, inayoinua mistari yote pamoja: njano, udongo, zambarau, mawingu. Kisha, ndani ya ile kubwa, akaona nyingine. Pale kwenye mstari wa waridi, mahali pasipozidi kiganja cha mtoto, uzi ulikuwa ukipanda na kushuka peke yake, haraka haraka. Vitanzi alivyovihesabu mwenyewe, kimoja kimoja, kwa midomo yake, vilikuwa vinapumua.

Alisahau Jumapili. Alisahau kisima na wanaoteka. Mwili ulimsisimka kuanzia visigino, akafunika mdomo kwa kile kiganja chake kikubwa.

"Unamwona?" Tupokigwe alinong'ona.

"Namwona, mwanangu. Namwona kupitia kwenye uzi."

Jumapili Tupokigwe hakwenda kanisani. Kanisa lilikuja kwake. Wanawake waliingia wawili wawili, wakanawa mikono mlangoni kama alivyoagiza Bi Yudita, wakasimama. Wengine walikuwa wamekuja na maneno yao tayari, na mtu asiwalaumu, ndivyo desturi ilivyowafundisha. Lakini walipoonyeshwa ule mstari wa waridi, kila mmoja alifanya jambo lile lile: alishusha sauti, kisha akashusha macho. Hakuna vigelegele vilivyopigwa, kwa kuogopa kumshtua mtoto. Mama mmoja mzee alivua kilemba chake, akatoka kinyumenyume.

Nyumba iliingia zamu. Tupokigwe alipochoka, sweta lilihamia kwa Enelika, na mtoto akahamia nalo. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba kipimo kile kilikuwa cha mtu kweli: lilimkaa Enelika na mjukuu wake kana kwamba wamepimwa pamoja. Akawa akitembea nalo uani, akipepeta ulezi nalo, akiimba nalo kwa sauti ya chini. Siku ya tisa mtoto alilia kilio cha kweli, na nyumba nzima ikacheka. Siku ya ishirini akanyonya bila kusaidiwa. Walimwita Sekela, maana yake furahi, kwa lugha ya mama yake.

Siku ya thelathini na tatu Bi Yudita alimshika tena kwa viganja viwili, na safari hii viganja havikutosha.

Jioni ile Zelida alimkuta Enelika ameketi kizingitini, mtoto na mama yake wamelala ndani. Alikuwa ameokota vitanzi kwenye tundu la bega la kushoto na kuanza mkono uliobaki. Alikuwa akifuma mstari wa udongo.

"Sasa mtoto amekua," Zelida alisema, akiketi. "Si ulisema limezidi? Ulilifumua safu mbili na nusu, mimi shahidi. Utalimalizia kufumua lini?"

Enelika alihesabu vitanzi vyake mpaka mwisho wa safu, akageuza sindano.

"Zelida, mimi nilikuwa natazama mtu mmoja," alisema. "Nikaona limezidi. Sikujua kwamba tuliyemngoja hajafika."

Zelida alishika ncha ya lile sweta, akaipitisha kwenye vidole, polepole, kama mtu anayesoma.

"Kumbe," alisema.

"Kumbe nini?"

"Kumbe kilichozidi, mwenyewe yuko njiani."

Kutoka ndani Sekela aliita. Enelika alichomeka sindano katikati ya safu, vitanzi kumi na vitatu vikiwa bado havijafumwa, akauweka mkono ule mfupi juu ya kigoda, akainuka kwenda kupokea zamu yake. Safu ile angeimaliza kesho.

Zelida alibaki pale kizingitini, akiutazama ule mkono ambao haujaisha. Kisha akarudia maneno yale peke yake, kwa sauti ndogo, na hakuwa na mzaha hata kidogo: "Kilichozidi, mwenyewe yuko njiani."