Mshipi wa Binti Radi

Sogeeni karibu, na anayesinzia akalale kabisa, maana mwisho wa hii nawaachia ninyi. Msije mkasema hamkusikia.

Palikuwa na watu watatu mjini Tabora, kila mmoja na lake. Fundi Bakilana, mshona nguo, alikuwa na jicho: ukivuka tu barabara, amekwishajua kiuno chako inchi ngapi. Mwajabu, msichana wa kidato cha tatu, alikuwa na mdomo: siri ikimwingia haimalizi wiki. Na Mrisho, mchoraji wa katuni, alikuwa na mkono: akichora mbwa, watoto wanarudi nyuma.

Mrisho ndiye aliyemchora Binti Radi, shujaa wa jaridani anayekamata majambazi kwa umeme. Mkubwa wake ofisini alimwambia, "Punguza kiuno." Akapunguza. "Punguza tena." Akapunguza tena, mpaka kiuno kikawa cha kushika kwa viganja viwili vikakutana. Mrisho aliona si sawa, akanyamaza.

Sasa kila mwaka shule za pale hufanya tamasha, na msichana mmoja huwa Binti Radi jukwaani. Mchezo ukiisha, hufungua mshipi wake na kumfunga mtu aliyemfikisha pale. Mmoja tu. Mwaka ule alichaguliwa Siwema, rafiki wa Mwajabu, mlinzi hodari wa mpira wa pete, binti wa mabega na mapaja.

Vazi akapewa Fundi Bakilana. Angempima Siwema, yangeisha hapo. Lakini fundi yule ana msimamo wake: ukimletea picha, anashona picha. Akaweka rula juu ya jarida, akapiga hesabu kwa urefu wa Siwema, akakata kitambaa. Siku ya kujaribu, zipu iligoma katikati ya mgongo, wasichana wenzake wakiangalia.

"Niache nipanue," Fundi akasema.

"Usiguse, Fundi. Kosa ni langu, si la nguo. Nitaingia."

Jamani, hapo ndipo roho huniuma. Siwema akaacha kula. Alimwapisha Mwajabu kwa kaburi la bibi yake asimwambie mtu, na kila siku wakikaa kwao Siwema kula sahani moja, Mwajabu anakula, Siwema anashika kijiko. Mama Siwema akiona sahani imebaki nyeupe anashukuru Mungu. Mwezi ulipoisha, zipu ilibakiza vidole vitatu. Siwema alipanda ngazi za darasani akishika ukuta, masikio yakivuma, na bado kwenye kioo aliona tumbo. Alifurahi na kuogopa kwa wakati mmoja.

Ndipo Fundi Bakilana akamwona sokoni, jua la saa saba, amevaa sweta juu ya sweta. Lile jicho halikudanganyika. Akafunga duka, akaenda kwao moja kwa moja.

"Mama Siwema, mwanao anakwisha. Inchi sita, mwezi mmoja!"

"Fundi, mbona anakula? Sahani naosha mwenyewe."

Fundi hakuondoka. Akakaa barazani, akasema haendi popote mpaka aelewe.

Mwajabu akaja akamkuta pale. Siwema, aliyekwisha kurudi toka sokoni, akamkazia Mwajabu macho: ukisema, urafiki umekwisha. Mwajabu hakuwahi kutunza siri mwezi mzima, na hii ilikuwa inatafuta mlango.

"Mama," akalia, "sahani nilikuwa nakula mimi!"

Siwema akanyanyuka ampige. Akaanguka palepale mlangoni.

Hospitali wakamtundikia dripu. Daktari akasema moyo umechoka, na asipokula mwenyewe hawezi kumwahidi mama lolote. Mama akaleta uji, Siwema akageuzia uso ukutani. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Binti Radi hana tumbo," ndilo neno pekee alilosema.

Mrisho alipopata habari, akaja na karatasi zake. Hakubembeleza. Alimchora Binti Radi wake, kisha akaanza kumchora ndani.

"Mapafu haya hapa. Ini hili. Haya niambie, tumbo liende wapi? Utumbo je?" Kila alichokiweka kilitoka nje ya mstari. "Huyu hata kupumua hawezi, Siwema. Nilijua, na bado nikamchora. Nisamehe."

Akafungua daftari aliloliazima kwa Fundi, lenye vipimo vya sare ya shule aliyomshonea Siwema mwezi wa Januari, akachora upya: mabega yale, kiuno kile, mapaja yale. Siwema akaivuta picha, akapitisha kidole juu ya mabega.

"Huyu angedaka mpira," akasema. Akaomba uji.

Miezi miwili baadaye alipanda jukwaani na vazi jipya, akaruka, uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Mwisho akafungua mshipi. Mstari wa mbele walikaa wale watatu, na watu wakaanza kupiga kelele.

"Mpe Fundi! Bila yeye nani angeona?"

"Si ndiye aliyeshona ile nguo ya kwanza?"

"Mwajabu basi! Bila yeye nani angejua?"

"Mwajabu huyo aliyemlia chakula mwezi mzima?"

"Mrisho! Ndiye aliyemfanya ale!"

"Na nani alimfanya aache?"

Hawa watatu walimponza Siwema, na hawa hawa walimwokoa. Angekosekana mmoja wao, leo tungekuwa tunamsomea dua. Akawatazama mmoja mmoja. Wote walikuwa wameinamisha vichwa, kila mtu akilijua lake.

"Siwema," mshereheshaji akasema, "tunasubiri."

Na mimi nasubiri. Msiniambie aukate vipande vitatu, wala amfunge mama yake, ujanja wenu naujua. Mshipi ni mmoja, na viuno vilivyo mbele yake ni vitatu. Haya, wewe ungemfunga nani?