Mapigo Mawili

Wapendwa, leo nina ndugu wawili wa kuwapitisha mbele yenu, wa tumbo moja, ambao hawajasalimiana vizuri miaka tisa. Baba yao alipofariki, jiwe la mpaka kati ya mashamba yao lilihama hatua kumi na mbili, likaingia kwa mdogo. Mkubwa aliapa hajaligusa. Sasa mama amezeeka, amewaomba wayamalize, na mdogo amekubali: kesho asubuhi atatia saini ofisi ya ardhi ya mkoa, mpaka ubaki pale ulipo. Anasaini kwa kuliamini neno la kaka yake tu, na safari nzima roho yake haijatulia.

Walifika mjini siku ya sikukuu, ofisi imefungwa. Karibu na nyumba ya wageni kulikuwa na uwanja wa gofu wa umma, ule ambao mtu yeyote anaazimwa fimbo anacheza. Mkubwa akasema twende tupoteze muda. Mnajua mchezo ule hauna refa? Kila mtu anajihesabia mapigo yake ya kuuingiza mpira kwenye kila shimo, anayaandika kwenye kadi yake, na mwenye mapigo machache ndiye mshindi.

Shimo la saba, mpira wa mkubwa ulizama kwenye majani marefu. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akausogeza kwa ncha ya kiatu mpaka penye nyasi fupi. Mdogo alikuwa nyuma ya mti, ameona kila kitu. Damu ikamchemka. Ndivyo alivyolisogeza na jiwe, akawaza, halafu kesho mimi nimwekee saini? Shimo la nane yeye mwenyewe alipiga mara saba, akaandika tano, maana hakukubali kushindwa na mwizi.

Nawaona mnacheka. Haya, chekeni.

Jioni mwalimu mmoja wa sekondari alileta darubini yake uani, akazimisha taa za nje ili wageni watazame nyota. Mdogo hakuwa na habari na nyota. Alikuwa akimtazama kaka yake, aliyeinama kwenye darubini muda mrefu kuliko wote. Mwalimu akaeleza kwamba nyota zile zilikuwapo juu yao mchana kutwa, ila jua liliwazuia kuziona. Mkubwa akainuka polepole, akamvuta mdogo wake pembeni.

"Mdogo wangu, leo niliusogeza mpira kwa mguu. Na lile jiwe ni mimi. Nimemwapia mama uongo miaka tisa, nimechoka. Kesho usisaini. Turudi tukaliweke mahali pake."

Miaka tisa mdogo alikuwa akiyasubiri maneno hayo. Sasa yamekuja, na kadi iko mfukoni mwake, ina tano palipotakiwa saba.

"Nimekusamehe, kaka," akasema.

"Na wewe? Kama kuna lolote kati yetu, liseme sasa."

Jamani, ni kitu kidogo kiasi gani? Mapigo mawili. Angesema tu, wakacheka, wakaenda kula. Lakini angesema, angeshuka kutoka pale alipokaa miaka yote hiyo, kama mtu aliyedhulumiwa, asiye na doa.

"Mimi sina," akasema.

Mnaona sasa? Mlikuwa mnamsubiri mkubwa aumbuke, na mimi niliwaacha msubiri. Shamba lilirudi kwa mdogo, hatua zote kumi na mbili. Lakini ni nani kati yao aliyelala siku ile akiwa amepatana na ndugu yake?

Sisi tumekaa hapa tunawangoja wenzetu watubu. Tunaijua siku waliyotukosea, tunakumbuka hadi nguo waliyovaa. Na wakija kweli, tunawasamehe vizuri kabisa, kwa sauti ya upole, huku kadi zetu tumezifunika kwa mkono. Msinitazame mimi. Kabla sijasema amina, mgeukie yule uliyemsamehe mwaka jana, umwambie na lako.