Mkeka wa Bonde la Safwani

Wapokezi wa habari za kale wamepokea, na mimi sikuongeza ila chumvi ya kiasi, kwamba mji wa Kanzarini ulitawaliwa na Sultani Mundhiri bin Aswadi, naye alikuwa mkarimu wa dhahabu na bahili wa vyombo vya nyumbani, kwani watu wa namna hiyo wapo, atakupa ng'ombe na akunyime sufuria. Na mji ule ulikuwa na chemchemi moja tu ya maji matamu, na ndani ya chemchemi akikaa jini aitwaye Dahanushi, jirani asiyemdhuru mtu, na wanawake wakimsalimu asubuhi wanapoteka maji, naye akiitikia kutoka chini.

Siku moja Dahanushi akavaa joho na kilemba, akaenda kasri, akapiga hodi kwa adabu, akasema, "Assalamu alaikum, ewe Sultani wa zama. Ninamwoza binti yangu, na wageni wangu ni wengi. Nimekuja kuazima mikeka, kama majirani wanavyoazimana."

Na desturi ya Kanzarini ilikuwa kwamba mkeka wa harusi hanyimwi mtu, hata awe hasimu yako. Lakini Sultani akaitazama miguu ya jini, akaona kwato, akasema, "Mikeka ya kasri haikanyagwi na kwato." Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na mji mzima ukalilipa.

Jini akaghadhibika hata taa za kasri zikafifia mchana kweupe, akanena, "Umeninyima wa kuazima, basi sasa nataka wa kwangu. Nataka mkeka mmoja wa kulienea bonde la Safwani, kutoka mlima huu hadi mlima ule. Siku utakapotandikwa, maji yatarudi. Na yeyote atakayeingia bondeni kuishika kazi hii, kisha akasema haiwezekani, neno lake litamgeuza jiwe." Akazama, na maji yakazama pamoja naye, na watu wakabaki na kisima cha maji ya chumvi, hata uji wao ukawa na ladha ya jasho.

Wa kwanza kwenda alikuwa Muhsini, mwana wa Sultani, kijana jasiri na mzuri wa sura. Alisimama mwanzo wa bonde, akalitazama likipotelea kwenye ukungu, akasema, "Hili haliwezekani," na hakulimaliza neno ila alikuwa jiwe, mkono umeshika upanga ambao haukuwa na kazi yoyote pale. Akafuata Mzee Sarahani, fundi wa mikeka asiye na mfano mjini. Huyu hakuwa mtu wa papara. Alipima bonde kwa kamba, akapiga hesabu ya ukindu, yale majani ya kusukia, na hesabu ya mikono, na hesabu ya miaka, na hesabu ilipofika mwisho wake pumzi ikamwishia, akasema, "Wallahi, haiwezekani," naye akawa jiwe, viganja vikiwa wazi mbele yake.

Na Mzee Sarahani alikuwa na binti mmoja tu, jina lake Zamda, aliyefiwa na mama angali mchanga, na hakuwa na mtu mwingine duniani ila baba huyo. Alilia hata macho yakavimba, kisha akajifunga ushungi, akaenda mbele ya Sultani akapiga magoti.

"Bwana wangu, naomba ruhusa niingie bondeni."

Sultani akasema kwa huzuni, "Binti yangu, mwanangu ni jiwe na baba yako ni jiwe. Unataka niwe Sultani wa mawe? Wewe utawezaje kusuka bonde?"

"Bonde sijui kulisuka, bwana wangu. Ninajua kusuka ukili."

Na asiyejua na ajue kwamba mkeka hausukwi mzima. Husukwa ukili kwanza, utepe mwembamba wa chane, yaani majani ya ukindu yaliyopasuliwa, unaoweza kushikwa mkononi, mrefu kadiri upendavyo, na mtu huusuka amekaa, huusuka anatembea, huusuka akimbembeleza mtoto. Kisha kili hushonwa ubavu kwa ubavu, na ndipo mkeka huonekana. Mzee Sarahani alilijua hilo kuliko watu wote, lakini alianza na bonde badala ya kuanza na ukili, na hofu ikamfika kabla ya kazi.

Sultani akatoa ruhusa, na Zamda akaenda akaketi kivulini mwa baba yake, akalipa bonde mgongo, akaanza kusuka. Mara akatua ndege wa rangi ya zafarani, mjumbe wa jini, akasema kwa sauti ya mtu, "Zamda, Zamda, bonde lile pale!"

"Na ukili huu hapa," akajibu Zamda, bila kuinua kichwa.

Kila alipousuka ukili ukamtosha pima, yaani urefu wa mikono yake miwili iliyonyooshwa, aliuviringisha, akamwambia baba yake, "Pima hii ni yako, baba," akashika mwingine. Na ndege alikuwa hodari wa maudhi, kila siku akitangaza kiasi kilichobaki na kamwe hakutangaza kilichokwisha. Mwenyezi Mungu atuepushe na majirani wa aina yake.

Akaja Bi Tunu, mwanamke wa mtaani kwao, amemletea chakula, akaliona rundo la kili na akaliona bonde, akashika kiuno. "Mwanangu, hii kazi utazeeka nayo."

"Bi Tunu, sikuombi mkeka. Nakuomba pima moja tu ya ukili."

"Pima moja?" Bi Tunu akacheka. "Hiyo naisuka huku nakusengenya!"

Na Bi Tunu akaisuka, akamwambia jirani yake, na jirani akamwambia wifi yake, na hakuna aliyeweza kukataa pima moja, kwani ni aibu kunyima kitu kidogo namna hiyo. Ikawa kila nyumba ya Kanzarini ina ukili unaoning'inia mlangoni, na wanaume nao, waliokuwa wakisema kusuka ni kazi ya wanawake isipokuwa fundi Sarahani, wakajifunza kwa siri na wakajisifu kwa dhahiri. Mwezi ukaandama na ukatoweka na ukaandama tena, na kili zikajaa ghala za Sultani.

Kisha ukaja wakati wa kushona, na hapo ndipo palipokuwa na hatari, kwa maana mwenye kushona hana budi kwenda na mkeka unapokwenda. Wenzake walishona kandokando ya bonde, wasithubutu kuingia, na Zamda akaingia peke yake, akiunganisha vipande vyao. Katikati ya bonde, jua likimchoma na vidole vikimtoka damu, ndege akamwambia kwa sauti ya huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko maudhi yake yote, "Maskini Zamda. Inua kichwa utazame."

Akainua kichwa. Akaliona bonde, likienda na kwenda, na machozi yakamtoka, na ulimi ukanena wenyewe, "Haiwezekani." Papo hapo nyayo zake zikawa jiwe, na jiwe likampanda hata magotini.

Zamda akapiga ukelele, akataka kukimbia asiweze. Akaanguka kwa mikono, na kitu pekee kilichokuwa karibu na mikono yake kilikuwa ukingo wa ukili, na sindano ingali imechomekwa pale. Akasema moyoni, kama nitakuwa jiwe, basi niwe jiwe lililomaliza mshono huu. Akashona, akafunga fundo, na goti moja likapata joto. Akashona tena, na goti la pili likakunjuka. Hakutazama mbele wala nyuma, akashona kilichokuwa mbele ya vidole, na jiwe likamwachia kidogo kidogo mpaka akasimama kwa miguu yake. Yule ndege akanyamaza, na tangu siku ile hakusema tena.

Siku mshono wa mwisho ulipofungwa, bonde lote lilikuwa mkeka, na ardhi ikatikisika, na Dahanushi akatoka na ukoo wake wote. Akautembea mkeka kwa kwato zake, taratibu, kama mtu anayeogopa kuuchafua. Akasema, "Ewe binti, nilitaka kuwakomesha, nanyi mmenipa heshima. Maji yenu yamerudi." Na kweli chemchemi ikabubujika.

"Na baba yangu?" Zamda akauliza.

Jini akainamisha kichwa. "Niliahidi maji. Neno lililomfunga ni lake mwenyewe, wala mimi sina ufunguo."

Lakini Zamda alikuwa ameujua ufunguo kwa magoti yake. Akakimbia hadi kwa baba yake, akaweka chane za ukindu katika viganja vile vilivyo wazi, akashika vidole vya jiwe kwa vidole vyake, akapitisha chane moja juu ya nyingine. Hapakutokea kitu. Akapitisha ya pili, na ya tatu, huku machozi yakidondokea kwenye jiwe, na kidole gumba kikacheza. Kisha kidole cha shahada. Kisha mkono mzima ukaanza kusuka wenyewe, kwa mazoea ya miaka, na rangi ikampanda Mzee Sarahani hadi usoni. Akafumbua macho, akautazama ukili, akakunja uso.

"Zamda mwanangu," akasema, "mbona ukili huu umelegea?"

Na Zamda akamkumbatia akicheka na kulia, wala hakutaka kusikia neno jingine lililo tamu kuliko lile.

Mwana wa Sultani alichelewa kufunguka, kwani hakuwahi kushika ukindu maishani, na Zamda alikaa naye akimfundisha kidole baada ya kidole, na alipopata ulimi jambo la kwanza aliomba aendelee kufundishwa. Sultani, ambaye sasa alikuwa amejifunza kitu, akamwendea Dahanushi mwenyewe, akamsalimu, akasema, "Jirani, nina harusi, nimekuja kuazima mkeka." Na jini akamwazima. Harusi mbili, ya binti wa jini na ya mwana wa Sultani, zikafanywa juu ya mkeka mmoja, na Zamda akawa mke wa Muhsini, na Mzee Sarahani akapewa nyumba yenye baraza pana ya kusukia, akawa tajiri aliyekataa kustaafu.

Basi bandu bandu huisha gogo, na bonde huisha kwa pima. Ewe mwenye jambo kubwa linalokunyima usingizi, usilitazame sana. Shika ukindu wako. Na aliyechoka kunisikiliza, mkeka ule ungali umetandikwa, aende akalale, ila avue viatu.