Ua la Manjano la Mama Mghamba

Paukwa!

Pakawa!

Ah, mnaitikia kinyonge hivyo, kwani ugali hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, juu kabisa katika milima ya Upare, palikuwa na uwanda wa majimaji. Ukikanyaga, unazama hadi kifundo cha mguu. Ukungu hauondoki, na uwanda mzima ni maua ya manjano. Maua, maua, maua, mpaka macho yanachoka.

Chini ya uwanda huo aliishi Nakijwa, mke wa Mghamba. Mumewe alikuwa ameshuka tambarare kutafuta chumvi. Nyumbani alibaki yeye, mwanawe mchanga Mbonea, na mama mkwe wake, Mama Mghamba. Mama huyo alikuwa mganga wa watoto, lakini miguu ilikuwa imekwisha, hata kizingiti havuki.

Sasa sikilizeni desturi ya watu hao. Mkamwana hamhoji mama mkwe, na mama mkwe haelezi asichoulizwa. Akitumwa, mkamwana anaitikia "Ndiyo, mama," anakwenda. Akiuliza, mji mzima utamsema.

Asubuhi moja Mbonea akaamka anawaka homa. Titi halitaki. Kulia hawezi.

Mama Mghamba akamgusa paji la uso. "Panda uwandani, uniletee ua la manjano. Likifika kabla jua halijazama, mtoto atanyonya. Lisipofika, basi tena."

Lipi, mama? Yako mengi! Hayo aliyasema moyoni. Mdomoni alisema, "Ndiyo, mama," akatoka mbio.

Akafika, akachuma vichwa vya maua, akajaza kikapu, akashuka. Mama Mghamba akatia mkono kikapuni, uso ukambadilika. "Vichwa vitupu! Rudi."

Na Nakijwa? "Ndiyo, mama." Jamani! Si angeuliza tu? Nilipohadithiwa mara ya kwanza nilitaka kumzaba kofi.

Akapanda tena. Jua limekwisha kupita utosi, ukungu umeshuka, haoni hata mkono wake. Mara maua yakaanza kuimba polepole: "Nichume mimi, nichume mimi, nichume mimi!" Sauti laini, usingizi mtupu. Nakijwa akaketi majini, akajihisi anaelea, mwili hauna uzito, hata homa ya mwanawe ikawa jambo la mbali. Machozi yakamtoka bila yeye kujua.

Nyuki akapita. "Nyuki, ua la dawa ni lipi?" akauliza kama anayeota.

"Kwangu yote ni asali," akasema nyuki, akaenda zake.

Ndege chozi akapita. "Chozi, ua la dawa ni lipi?"

"Kwangu yote ni manjano," akasema chozi, akaenda zake.

Kichwa kikachomoza matopeni. Alikuwa chura, mzee, macho mazito.

"Shikamoo, babu Chura."

"Marahaba. Unalia nini juu ya paa la nyumba yangu?"

Nakijwa akamweleza yote. Chura akatikisa kichwa. "Wale wawili wanayaona kwa juu. Mimi nalala chini yake. Hilo si ua moja, ni matatu. La kwanza, jani lake ni duara kama kifuniko cha chungu, na shina lina tundu. La pili, jani limechanika kama unyayo wa kuku. La tatu, shina lina manyoya, na ukilivunja linatoa maziwa."

"Na la dawa?"

"Loo! Mimi natibu watoto? Aliyekutuma hakukuambia?"

"Sikumuuliza."

"Kwa nini?"

"Adabu, babu."

"Basi mwanao anakufa kwa adabu," akasema chura, akazama.

Nakijwa akaruka kama aliyemwagiwa maji. Akang'oa la kwanza, akang'oa la pili, akang'oa la tatu, yote na mizizi yake, matope yakimchuruzika mikononi. Akashuka mbio, jua limekaa ukingoni mwa mlima.

Akapiga magoti. "Mama, ni lipi?"

Mama Mghamba akamtazama kama asiyeamini masikio yake.

"Mama, ni lipi?"

Mkono wa mama ukaenda kwenye maua, ukarudi.

"Mama, nakuuliza! Ni lipi?"

Mama Mghamba akaangua kilio. "Mghamba alikuwa na kaka yake. Aliwaka homa hivi hivi. Nikatumwa, nikasema 'Ndiyo, mama,' nikaleta vichwa vitupu. Mama mkwe wangu akavichemsha hivyo hivyo. Mwanangu hakuamka."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nilifunzwa kunyamaza, mwanangu. Tangu asubuhi naomba uniulize."

Akachukua lenye jani la duara, akapasua shina, akachungulia tundu. "Hili." Akaponda mzizi, akakamua kinywani mwa mtoto. Tone moja, tone la pili, tone la tatu. Jua likazama.

Mbonea akakohoa. Akageuza uso, akatafuta titi, akanyonya.

Kesho yake Mama Mghamba akasema, "Nakijwa, niletee maji."

Nakijwa akasimama mlangoni. "Ya kunywa au ya kuoga, mama?"

Mama Mghamba akacheka, akalia, akacheka tena. "Ya kunywa, mwanangu. Ahsante kwa kuuliza."

Hadithi yangu nimeitua hapo. Na wewe uliyekaa pale unanikodolea macho, kama una swali, uliza.