Mafuta ya Ukuta wa Pumzi

Msidhani kifua kilizaliwa na akili zake. La, kilifundishwa, na somo lake lilikuwa ghali.

Zamani hizo chembe hai za mwili zilikaa kandokando ya njia ya pumzi, nyumba kwa nyumba, zikifagia vumbi. Nyumba zao zilikandikwa kwa mafuta. Adui akitokea, mwenye nyumba alikwangua mafuta ya ukuta wake mwenyewe, na askari wa damu wakinusa harufu walikuja mbio na moto. Harufu ilikuwa moja tu. Adui ni adui, walisema. Na kwa bakteria hawakukosea, maana bakteria hupiga kambi uani, peupe, na moto huwamaliza.

Kisha vikaja virusi. Kirusi hana haja na ua. Huingia ndani, akazaliana humo humo. Majirani wakakwangua mafuta yale yale ya siku zote. Askari wakachoma ua usio na mtu, na walipokosa adui wakazidisha moto. Njia ikavimba, ikabaki kijitundu. Mwenye kifua, mfinyanzi mmoja, akawa anahema kwa taabu, na kila chembe ilijua kwamba pumzi ikikatika, wote wamekwisha.

Bi Kilua, chembe mkongwe wa mtaa ule, alisikia kitu kikitembea ndani mwake. Alinyamaza siku nzima. Aliogopa, na nani wa kumlaumu? Uhai mtamu.

Jioni alimwita bintiye, aliyekaa nyumba ya pili. "Rehani mwanangu, mgeni yumo kwangu. Nikizidi kunyamaza, kesho atakuwa kwako."

"Funga mlango, mama. Labda atachoka."

"Huyu hachoki, mwanangu. Mimi ndiye niliyechelewa."

Akakwangua mafuta ya ndani kabisa, yale yanayoshikilia paa, ambayo hakuna aliyewahi kuyagusa. Harufu yake ilikuwa ngeni. Askari wakaacha ua, wakaja mlangoni kwake.

"Bibi, adui yuko wapi?"

"Yumo humu, pamoja nami. Chomeni hapa. Kwingine acheni."

Rehani alilia bila kujificha. Wakachoma nyumba ile moja, na moto ukakomea hapo. Uvimbe ukapungua. Asubuhi mfinyanzi alivuta pumzi ndefu, akaomba uji.

Na tangu siku hiyo ukuta wa pumzi una mafuta ya aina mbili: ya adui wa uani, na ya adui wa ndani. Haya ya pili jirani hawezi kukutolea. Mwenye nyumba hujitangaza mwenyewe. Ndiyo sababu mtu aliyepona mafua huendelea kukohoa siku mbili tatu, akitoa makohozi mazito. Hicho ni kifusi cha nyumba zilizojitaja. Nasi tunatema tu, tukaenda zetu, hata jina hatuulizi.