Nyapara Fisi na Namba ya Serikali

Kacha!

Sauti moja tu, usiku, ndani ya ghala.

Jamani, nimwage? *Mwaga, tumekinga!* Nimwage yote? *Usibakize tone!*

Basi Mama Karunguyeye alikuwa kibarua kwenye shamba la karanga, na nyapara wao alikuwa Fisi. Aliposikia ile kacha, miiba ikamsimama. Ghala limefungwa, ufunguo anao Fisi. Nani anabanja karanga?

Asubuhi yake ilikuwa siku ya mgao wa karanga kwa vibarua. Fisi akasimama mlangoni. Akaja Kanga na kapu lake.

"Una namba ya serikali?"

"Sina, Bwana Nyapara."

"Huna namba, huna karanga. Ndiyo sheria. Pita!"

Akaja Bi Mbuni. "Huna namba, huna karanga. Pita!"

Akaja Mama Karunguyeye, watoto wanne nyumbani, kiangazi kinabisha hodi. "Sheria hiyo imeandikwa wapi, Bwana Nyapara?"

"Pita, we kijimiiba!"

Akapita, lakini jicho likabaki nyuma. Mbona mdomo wa Fisi unang'aa mafuta? Na mbona hajawahi kutaja jina lake? Akamkumbuka Bi Mbuni. Marehemu mumewe aliajiri mlinzi wa mayai, na mlinzi akayala yote. Bi Mbuni hakumjua kwa sura, alijua jina tu, na hakulitaja kwa yeyote, mwizi asije akasikia akatoroka.

Mama Karunguyeye akarudi mbio, hema hema. "Bwana Nyapara! Mkuu wa serikali, Tembo, kanituma niandike namba. Mwenye namba moja anapewa ghala zima!"

Fisi akameza mate, gudu! "Niandike mimi!"

"Panda kichuguuni, utaje jina alilokupa mama yako, watu wote wasikie."

"Bwana Nyapara halitoshi?"

"Hilo la kazi, mzee wangu. Basi, namba moja nampa Kanga..."

"Ngoja!"

Fisi akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akatazama ghala. Akalitazama tena. Akapanda.

"Mimi ni... Makombo!"

"Kumbe ndiwe!" Bi Mbuni akaruka. Pu! Teke la kwanza. Pu! La pili. Fisi akatimka, ufunguo ukadondoka, na vibarua wakajaza makapu. Namba hakuulizwa mtu.

Funzo, wanangu: mfanyakazi mwema hutafuta namba kwanza, shibe baadaye. Sheria ni sheria, hata kama aliyeitaja hajulikani jina. Mama Karunguyeye hana namba mpaka leo, na watoto wake wamenenepa hao!

Ngano imefika kitandani. Aliyesinzia asiamshwe.