Mizinga Kumi na Mitatu ya Lugata

Kabla sijafumbua mdomo, apeni. Nyinyi nyote mnaosomea bima huko Kanada, wekeni mkono kifuani mseme kwamba neno hili halitavuka mlango wa darasa lenu. Mimi mwenyewe niliapa mbele ya watu wazima kwamba nitakwenda nalo kaburini. Mmekwisha kuapa? Vizuri. Basi bakini na kiapo chenu, maana changu nakivunja sasa hivi. Siri hii imenikaa tumboni kama muhogo mbichi, na mjukuu wangu aliye kati yenu ameniandikia kwamba maneno ya mtihani hayawakai kichwani. Yatakaaje, na hamjamwona Lugata?

Mtu huyo alikuwa na mizinga ya nyuki kumi na mitatu, katika misitu ya miyombo ya kwetu Unyamwezini. Mitatu ilining'inia upande wa huku wa kijito. Kumi ilikuwa ng'ambo. Yote ilikuwa ya magome, imepigwa alama yake kwa chuma cha moto: mistari miwili na duara. Alikuwa hodari wa kupanda miti na hodari zaidi wa kupanda cheo. Hata akikusalimia, ungedhani anakusamehe.

Lugata alikuwa mwanachama wa Chama cha Mizinga. Sisi warina asali tulikuwa tumekubaliana hivi: akipatwa mmoja, tumepatwa wote. Kila mwaka kila mmoja wetu alitengeneza mzinga mmoja mpya akaupeleka ghala la chama. Ukishaupeleka si wako tena. Wapo walionung'unika, "Mwaka wa sita huu natoa, wala sijaungua hata ukucha!" Kana kwamba kutoungua ni hasara! Tukawaambia wamshukuru Mungu, na mwaka wa saba walete tena.

Kulikuwa na masharti. Unapoingia, useme yote unayoyajua juu ya mizinga yako, hata usiyoulizwa, kwa sababu chama hakina macho msituni ila macho yako. Usiandikishe mzinga ambao ukiteketea wewe hupungukiwi na kitu. Hapo Lugata alijaribu. Alitaka kuandikisha mizinga ya mkwewe, tena bila mkwewe kujua. Akaulizwa, ikiungua, atakayelia ni nani? Akakaa chini. Tena, kinachoteketea hurudishwa kwa kadiri yake, mzinga kwa mzinga, wala msiba wa mtu usiwe mavuno yake. Na katika kila hasara mzinga wa kwanza ni wako mwenyewe, chama kinaanzia wa pili. Hilo liliwekwa ili kila mtu alale na jicho moja wazi.

Na sharti kubwa, ambalo kila anayeshika moto amelibeba hata kama hakuapa: ukimaliza kurina, kienge chako, kile kifungu cha nyasi kinachofuka moshi wa kupoza nyuki, kifukie mchangani. Nyasi kavu hazina adui mwingine. Moto ni wako, lakini msitu ni wa wote, na anayepita na moto karibu na mali ya jirani amekwisha kuwa na wajibu kwa jirani huyo.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo moyo wangu unapoanza kudunda.

Alikuwapo mjane, Nyanzala. Mumewe alimwachia mizinga saba, na mizinga hiyo ndiyo iliyokuwa shamba lake, ghala lake na heshima yake. Alikuwa mwanamke wa kwanza kupanda mti katika chama chetu, na wapo waliongoja aanguke. Hakuanguka. Ila jioni moja ya mwezi wa tisa, nyuki walimvamia uso, akatupa kienge chini, akakimbilia maji. Aliporudi hakuona moshi. Akadhani kimezimika. Hakukifukia. Akaenda zake.

Saa nane ya usiku upepo ukaja.

Moto ulikula majani, ukala magogo, ukapanda kilima ukiunguruma kama kinu cha kusagia. Ulikula mizinga mitatu ya Lugata iliyokuwa upande wa huku. Kisha ukafika kijitoni, ukayaona maji, ukafa. Nyanzala alikuja mwenyewe kwa mwenyekiti wetu, masizi usoni, hata hajaitwa. Akasema kienge ni chake. Angeweza kunyamaza, maana hakuonwa na mtu. Wengine walimcheka kwa kusema kweli. Mimi sikucheka. Nilikimbia kuwaeleza majirani.

Lugata aliposikia kwamba moto una mwenyewe, alinyanyua kichwa kama mbwa aliyenusa mchuzi. Akaja kwenye chama na kulabu tatu za mti zilizoungua, zile za kuning'inizia mizinga, akazimwaga chini mbele yetu. Akalia. Nawaambia alilia hata kanzu ikalowa kifuani! Akasema zile tatu ndizo zilizosalia, mengine yote ni majivu. Kumi na mitatu! Aliweka mkono juu ya mzinga wa chama akaapa. Akatuonya tusiende kule, nyuki waliokosa makao wamekuwa wakali, wameua mbuzi. Mbuzi wa nani, hakusema.

Tulimwamini. Msitushangae. Chama cha watu kinakwenda kwa neno la mtu, na siku neno la mwanachama litakapohitaji mashahidi saba, hapatakuwa na chama, patakuwa na mahakama.

Basi hesabu ikamwangukia mjane. Kwa kuwa kosa ni lake, chama kikishamrudishia Lugata, kitamgeukia yeye. Alikuwa na mizinga saba, akidaiwa kumi na miwili. Yote saba ingechukuliwa, na iliyopungua angeitengeneza kwa mikono yake, akibandua magome miaka mingi kwa ajili ya watu wengine. Nilimwona amekaa kwenye kona ya ghala, anatazama viganja vyake. Kuna waliosema, "Mwanamke na nyuki wapi na wapi?" Hao nawajua kwa majina, na mkinibembeleza nitawatajia.

Mwenyekiti wetu alikuwa Kapela, mtu mnene, mzito wa kusema. Huwezi kujua kama anafikiri au anasinzia. Alimwuliza Nyanzala kama ana la kujitetea. Nyanzala akasema hana. Alichokiunguza atakibeba. Lakini akaomba akione kwanza, kwa sababu hata mwenye kosa hubebeshwa kosa lake tu, habebeshwi mti ambao moto wake haukuufikia.

Lugata akaruka. "Hamniamini? Mimi? Mimi niliyewachongea mlango wa ghala hili?"

Kapela akanyoosha mkono kumtuliza, akaagiza alipwe. Alipwe yote, palepale, mizinga kumi na miwili, wa kwanza ukiwa hasara yake mwenyewe kama sharti lilivyotaka. Watu wakaguna. Nyanzala akafunika uso kwa khanga. Lugata akaita mkokoteni wa punda wake, akapakia mizinga mipya ya kung'aa, machozi yakiwa yamekauka ghafla kama umande wa saa nne. Hakungoja hata kata ya wanzuki, pombe yetu ya asali. Akasema tumbo linamsokota. Akaondoka akipiga mluzi, na mimi tangu nizaliwe sijasikia mtu wa tumbo la kusokota anapiga mluzi.

Vumbi la mkokoteni lilipotulia, Kapela akasimama. Akasema neno moja, na kwa ajili ya neno hilo nimewaandikia haya yote:

"Tumekwisha kumlipa, basi kuanzia sasa, katika miti ile kumi na mitatu, Lugata ni sisi."

Alikuwa anatukumbusha sharti la mwisho kabisa katika daftari la chama. Lugata siku liliposomwa alikuwa nje anapokea pongezi za kujiunga. Sharti lenyewe ni hili: aliyerudishiwa kilichopotea, amewaachia waliomrudishia yote aliyokuwa nayo kwa hicho kilichopotea. Madai yake kwa mkosaji ni yao. Na kikibaki kitu, kamba, kulabu, nta iliyoyeyuka, hata nyuki mmoja mwenye mguu mmoja, ni chao. Hatukuwa tunakwenda kumpeleleza mtu. Tulikuwa tunakwenda kuchukua majivu yetu.

Tukatoka wote. Mwendo wa saa moja, jua kali la alasiri, watu arobaini na zaidi, na mimi nyuma nimejitwika chungu kitupu ingawa hakuna aliyenituma. Majivu gani yanatiwa chunguni? Sijui. Miguu yangu ilijua. Nyanzala alitangulia, kama anayekwenda kuonyeshwa kaburi lake.

Upande wa huku tuliikuta miti mitatu myeusi, na chini yake vipande vya magome vimekuwa mkaa. Nyanzala akapiga magoti akavigusa. Akasema hivi ni vyake, atavilipa. Tukavuka kijito. Maji yalitufika magotini. Ng'ambo, nyasi zilikuwa za njano, zimesimama, hakuna hata jani lililounguzwa. Tukatazamana.

Kisha tukasikia mluzi.

Ulitoka juu. Tukainua vichwa vyote pamoja, kama vifaranga. Juu ya myombo mkubwa, mita sita kutoka ardhini, Lugata alikuwa ameukumbatia mzinga kwa miguu, kienge kinafuka ubavuni. Kila mrina asali anajua kwamba nyuki huendewa jua likizama, wakiwa wamepoa. Yeye alikwenda mchana kweupe, kwa sababu alidhani sisi sote tuko ghalani tunakunywa. Aliwaogopa watu kuliko nyuki. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya mzinga mpaka kiwikoni. Asali ilikuwa inamtiririka kwapani. Ndoo mbili zilikuwa zimejaa masega pale chini, na mkokoteni wa punda ukingoja kivulini, bado umepakiwa mizinga yetu kumi na miwili! Na kwenye ubavu wa ule mzinga, mbele ya macho ya watu wote, mistari miwili na duara.

Mluzi ukakatika.

Alitazama chini akatuona. Alitaka kusema, lakini kinywa kilikuwa kimejaa sega. Alitaka kushuka, lakini chini tulikuwa sisi. Alitaka kuuchomoa mkono, na kila alipouvuta nyuki walizidi kumkumbuka. Hapo Nyanzala, yule aliyekuja amefunika uso, akaweka viganja mdomoni akapaza sauti, msitu mzima ukasikia:

"Shemeji Lugata! Shuka polepole, huo ulioukumbatia nimekwisha kuuchoma mimi!"

Watu walianguka chini kwa kicheko. Kapela mwenyewe alishika mti. Mimi chungu kilinitoka kichwani kikavunjika, wala sikukililia. Na Lugata akabaki pale juu, nta mdomoni, machozi ya kweli sasa yanamtoka, alama yake mwenyewe imemkodolea macho, na chini yake watu arobaini ambao kwa mikono yao walimpa mizinga kumi na miwili.

Basi nyinyi mnaosoma vitabu, niambieni: kati ya moto wa Nyanzala uliokula mizinga mitatu, na ulimi wa Lugata uliokula kumi, ni upi uliokiunguza chama?